Mbunge akiuliza "je, Waziri ana habari?", mvuvi wa Port Victoria anabaki na nini?

NyavuKuukuu · Jumatano, saa 2:40 usiku

Wadau, hamjambo.

Leo asubuhi nilikuwa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kwenye banda la mama mmoja anayekaanga ngege, nangoja mteja aniletee mashini yake ya boti niifungue. Televisheni iko juu ya kabati la soda, na kwa kuwa ni Jumatano, ni ile asubuhi ya mawaziri kwenda bungeni kujibu maswali. Siku nyingine hakuna anayetazama. Leo mtu akasema "hebu ongeza sauti", kwa sababu alisikia neno ziwa.

Mheshimiwa mmoja (simtaji, ugonjwa huu si wake peke yake) akasimama, akaweka koti sawa, akauliza: je, Waziri ana habari kwamba wavuvi wetu wanakamatwa ziwani na askari wa nchi jirani, na serikali inachukua hatua gani? Waziri akajibu kwamba serikali ina habari, kwamba suala hilo linashughulikiwa kupitia njia za kidiplomasia, na kwamba uhusiano wetu na jirani ni mzuri. Mheshimiwa akashukuru, akaketi. Samaki wangu alikuwa bado hajageuzwa upande wa pili.

Sasa niwaambie kwa nini nimekosa usingizi. Mume wa dada yangu anavua kutoka Port Victoria. Mwaka juzi walikuwa watu watatu kwenye boti, usiku, wanangoja nyavu. Ikaja boti kubwa yenye taa, askari wakasema mmevuka. Shemeji akasema hatujavuka. Nani atabishana na mtu mwenye bunduki kuhusu mstari usioonekana? Walilala ng'ambo siku tatu, wakalipa faini, wakaachiliwa na boti yao bila mashini. Yamaha ya farasi 15, iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama. Mashini haikurudi, mkopo haujaisha. Alichopewa ni kipande cha karatasi ya daftari, ya mistari, kimeandikwa kiasi kwa shilingi za Uganda na sahihi iliyokaa kama ndoana. Muhuri hakuna.

Hoja yangu ni moja. Ukimuuliza Waziri "je, una habari?", umempa zawadi. Anasema "ninayo", na swali limekufa. Hizo njia za kidiplomasia nimezisikia tangu kelele za 2009 za Migingo, kile kisiwa tunachogombania na Uganda. Waziri simlaumu sana kwa kujibu vile, maana hata mimi ningejibu vile. Ninamlaumu aliyeuliza.

Wuod_Dunga · Jumatano, saa 2:58 usiku

Omera, na huyo samaki ulimla au ulimwachia Waziri?

NakuruMjini · Jumatano, saa 3:15 usiku

Pole kwa shemeji yako, lakini hapa nitakupinga.

Mambo ya nje hayaendeshwi kama baraza la chifu. Kumbuka Oktoba 2022, yule jenerali, mtoto wa Rais wa Uganda, alipoandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake hawahitaji wiki mbili kuichukua Nairobi. Sisi tulitaka serikali ijibu kwa moto. Nairobi ikanyamaza. Kilichofuata ni Museveni mwenyewe kuomba radhi Wakenya. Je, kama Waziri wetu angeburutwa bungeni siku ile alazimishwe kutoa majibu makali, tungepata radhi hiyo? Kuna wakati jibu fupi la Waziri ndilo linalotulinda.

Mbunge akimbana Waziri mbele ya kamera, anayesikiliza si wewe peke yako. Kampala pia wana televisheni.

NyavuKuukuu · Jumatano, saa 3:31 usiku

NakuruMjini, hiyo ya 2022 nakubali, kunyamaza kulifaa. Lakini yale yalikuwa maneno na hakuna aliyepokonywa kitu. Huku kuna mali ya mtu imelala mahali fulani, labda inasukuma boti nyingine wakati huu tunaandika. Kampala wakisikia Waziri wetu akiulizwa "mashini ngapi zimerudishwa", wataudhika na nini? Hiyo ni hesabu, haina tusi.

KaraniWaZamani · Jumatano, saa 4:10 usiku

Vijana wangu, nimefanya kazi kwenye ofisi za Bunge miaka mingi, kabla ya Katiba mpya na kidogo baada yake. Nitawaeleza jinsi swali linavyosafiri, halafu mtajua linapofia.

Zamani mawaziri walikuwa wabunge. Waziri alikaa pale pale mstari wa mbele, ukimkosa kwenye swali unamkamata kwenye chai. Katiba ya 2010 ikawatoa nje. Ikabaki Ibara ya 153, inayosema Waziri lazima afike mbele ya kamati akitakiwa, ajibu lolote lililo chini yake, na tena alipatie Bunge ripoti kamili na za mara kwa mara. Huko kwenye kamati ndiko walikokuwa wakijibu miaka yote ile. Ni Bunge hili la 13 lililobadilisha kanuni za kudumu ili mawaziri wasimame mbele ya wabunge wote, ndiyo hizo Jumatano zenu.

Swali lenyewe huandikwa, likapelekwa kwa Karani, Spika akaliidhinisha, likatumwa wizarani. Wizarani linashuka ngazi hadi kwa ofisa fulani mwenye faili. Yeye ndiye anayeandika jibu. Linapanda tena, linasahihishwa kila ngazi, kila mkono unaondoa neno moja lenye meno. Jumatano Waziri anasoma. Kwa hiyo jibu mnalolisikia kwenye televisheni limeandikwa na mtu ambaye hata humo ukumbini hayumo.

Kitu kilicho hai ni swali la nyongeza. Hilo Waziri halijui. Na hapo ndipo wabunge wetu wanaposhukuru na kuketi.

Kulikuwa na mbunge mmoja wa enzi zile, marehemu sasa, mtu wa sauti ndogo. Hakuwahi kugombana na waziri. Alikuwa anauliza tarehe tu. Barua iliandikwa lini? Ilijibiwa lini? Ilitiwa sahihi na nani? Waziri anayejua anajibu. Asiyejua anaanza kugeuka kuwatazama maofisa wake waliokaa pembeni, na Bunge zima linaiona ile shingo ikigeuka. Mzee alikuwa anangoja mpaka igeuke mara mbili, ndipo anasema, "Bwana Spika, naridhika."

Wuod_Dunga · Jumatano, saa 4:22 usiku

Shingo kugeuka mara mbili 😂😂 Karani, wewe uandike kitabu.

BodaWaBusia · Alhamisi, saa 12:50 asubuhi

Mulembe wote. Nimesoma nikiwa nangoja abiria.

Watu wa Nairobi wakisema "mpaka" wanaona geti. Hapa Busia geti lipo kweli, tangu 2018 kuna kile kituo kimoja ambacho lori linapita ofisi za nchi mbili chini ya paa moja. Kwa lori ni jambo zuri, sibishi. Lakini teremka kilomita chache kuelekea Sio Port, hakuna geti wala paa, kuna maji. Ukitaka kujua serikali inauona mpaka hadi wapi, tazama lami inaishia wapi.

Na sisi Wasamia tuko pande zote mbili. Mjomba wangu ana kitambulisho cha Uganda, na mahari ya mama yangu yeye ndiye aliyeihesabu. Sasa mwambie huyo kwamba ni "nchi jirani".

Lakini tusidanganyane pia. Ziwa lote, Kenya tuna asilimia 6 tu. Iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Wavuvi wetu wamejazana kwenye hicho kidogo, na mbuta hafuati katiba ya mtu. Kuna wanaovuka wakijua wanavuka. Na wengine wana nyavu za matundu madogo zinazokamata hata watoto wa samaki. NyavuKuukuu, sisemi shemeji yako ni mmoja wao. Ila mbunge akisimama na kusema wavuvi wetu wote ni malaika, Waziri anajua si kweli, na ng'ambo wanajua zaidi.

NyavuKuukuu · Alhamisi, saa 1:30 asubuhi

Boda, hilo umesema kweli na linauma. Shemeji mwenyewe husema kwamba usiku, upepo ukigeuka, hata nahodha mzuri anaweza kujikuta upande usio wake. Anachouliza ni hiki: nikivuka, nishtakiwe mbele ya hakimu, nipewe risiti yenye muhuri, nijue mashini yangu iko wapi. Mwizi wa kuku anapata zaidi ya hayo.

MwalimuWaSiaya · Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Nimestaafu kufundisha jiografia, basi mnivumilie.

Mnasema mstari hauonekani. Hauonekani majini, lakini umeandikwa, tena umeandikwa vizuri. Ni amri ya Waingereza ya 1926. Unaanza kusini kwenye latitudo ya digrii moja, unapanda moja kwa moja hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha ncha ya magharibi ya Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, halafu unapinda kuelekea kaskazini-magharibi hadi Sumba, unazunguka ufuo wa Sumba, na kutoka hapo unakwenda hadi katikati ya mdomo wa mto Sio. Nilikuwa nawachorea wanafunzi ubaoni, kisiwa kwa kisiwa, nao wanaimba majina.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: Katiba ya Uganda ya 1995 ina jedwali la mipaka, na mstari ulioandikwa mle ni huu huu. Yaani karatasi zetu hazigombani.

Ugomvi ni wa kuutoa mstari kwenye karatasi na kuuweka juu ya maji. Wapimaji wa nchi mbili walipelekwa kule Migingo mwaka 2009, na mwaka huo huo Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kisiwa chenyewe hakifiki ekari moja, mabati yamebanana kama magamba. Tangu hapo kila mbunge akitaja ziwa anataja Migingo, kwa sababu picha yake ni nzuri. Shemeji yako hakukamatwa Migingo. Amekamatwa karibu na Sumba kama nimeelewa, mbali kabisa kaskazini, kwenye mstari ambao hakuna mtu anayeubishia.

Kwa hiyo swali langu kwa Waziri lingekuwa dogo: kati ya Mageta na Sumba, kuna maboya mangapi?

NyavuKuukuu · Alhamisi, saa 4:20 asubuhi

Mwalimu, shikamoo. Ndiyo, ni karibu na Sumba. Na jibu la swali lako shemeji analo: hajawahi kuona hata moja.

MchumaMajani · Alhamisi, saa 7:45 mchana

Nyinyi wa ziwani mnadhani mambo ya nje ni yenu peke yenu. Mimi ni wa Vihiga, nina vishina vyangu vya chai, na sijawahi kuvuka mpaka wowote maishani.

Februari 2025 kundi la RSF, wale wanaopigana na jeshi la serikali ya Sudan, likapokelewa Nairobi, pale ukumbi wa mikutano wa KICC, likafanya mkutano wake na kutia sahihi hati zake. Machi, serikali ya Sudan ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwa ya kwanza kutajwa. Sudan ni mnunuzi wetu wa siku nyingi. Mimi hapa kijijini ndipo nilipojua RSF ni nini. Wabunge walipiga kelele, ndiyo, kila mtu akasema lake kuhusu amani ya Sudan na heshima ya Kenya. Mimi nilikuwa nangoja mtu aulize: kabla ya kuwafungulia ukumbi, kuna yeyote aliyempigia simu Waziri wa Kilimo?

Ndugu zangu, hilo tu.

NyarKisumo · Alhamisi, saa 2:15 usiku

Kwa kuwa tumefika kwenye kero, na mimi nina yangu, na ni ya hapa hapa Kisumu.

Julai 2024 wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikuja mjini kwetu kwa mafunzo. Wakakamatwa hapa. Tulipowasikia tena walikuwa mahakamani Kampala, wanashtakiwa kwa mambo ya ugaidi. Novemba mwaka huo huo Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, akatoweka Nairobi, siku chache baadaye akaonekana kwenye mahakama ya kijeshi Kampala. Watu wote wanaikumbuka ya Besigye kwa sababu ana jina. Hawa 36 walikuwa watu wa kawaida, walimu, vijana, mama zetu. Walikula samaki wetu, wakalala kwenye vitanda vyetu, wakaondolewa.

Tangu siku ile, mgeni akiniuliza kama Kisumu ni salama, ninanyamaza kidogo kabla ya kujibu.

MsomaKatiba · Alhamisi, saa 3:02 usiku

NyarKisumo, hapo ndipo swali zuri lingeuma. Kwa sababu sheria ipo. Tuna Sheria ya kurejesha washukiwa, Sura ya 76, na ina sehemu maalumu ya nchi tunazopakana nazo. Hati ya kukamata iliyotoka Uganda haifanyi kazi hapa mpaka hakimu wa Kenya aipitie na kuitia sahihi yake. Basi unamuuliza Waziri wa Usalama wa Ndani: hakimu gani, mahakama gani, tarehe gani? Kama hakuna hakimu, jibu lake lolote litakuwa limekwisha kumfunga.

Na mfano wa Haiti uko wazi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kutuma kikosi Haiti kupambana na magenge, Oktoba 2023. Novemba 16 Bunge letu likaidhinisha kupeleka polisi. Mjadala ulikuwa mrefu, pesa zitatoka wapi, magenge yana silaha gani. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ikasema Baraza la Usalama la Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje, kwa sababu "vikosi vya taifa" vya Ibara ya 240 ni jeshi, na polisi wana sheria yao inayotaka mapatano na nchi wanayokwenda. Serikali ikarudi, mapatano na Haiti yakatiwa sahihi Machi 1, na kikosi cha kwanza cha watu 400 kikatua Port-au-Prince Juni 25. Siku ile ile vijana walipoingia Bunge hapa kwetu, mtakumbuka.

Ninachosema ni kwamba bungeni ile hoja ya "kwa sheria ipi?" haikuzuia kitu. Alikwenda nayo mwananchi mahakamani, ikazuia.

NakuruMjini · Alhamisi, saa 3:20 usiku

MsomaKatiba, na mwishowe polisi walikwenda au hawakwenda?

MsomaKatiba · Alhamisi, saa 3:24 usiku

Walikwenda. Wakiwa na karatasi. Ndiyo tofauti yenyewe, na naona kwako ni ndogo.

NakuruMjini · Alhamisi, saa 3:26 usiku

Sijasema ni ndogo. Nimeuliza.

MamaOmena · Ijumaa, saa 11:40 alfajiri

Nyinyi wanaume mnaongea kama mko Geneva. Mimi nauza omena Kibuye, niko macho tangu saa tisa usiku.

Boti zikiogopa kwenda mbali, gorogoro, kopo letu la kupimia, inapanda bei asubuhi hiyo hiyo. Sihitaji redio kuniambia kuna watu wamekamatwa. Najua kwa bei. Na mteja wangu hanielewi nikimwambia ni mambo ya nje, ananiambia mama, wewe ni mwizi.

Sasa nisikilizeni. Mnatunga maswali mazuri, Mwalimu na maboya, huyu na hakimu. Mbunge atauliza, Waziri atasema "hatuna taarifa rasmi za tukio hilo". Kwisha. Kwa sababu nani aliyeandikisha? Mume akirudi bila mashini anakwenda kulala. Hapigi ripoti kituoni, haendi kwa watu wa BMU, ile kamati ya ufukwe. Anaona aibu, au anaogopa ataambiwa alivuka.

Mimi kila tikiti ya ushuru wa soko ninaiweka kwenye kopo la Kimbo. Miaka kumi na moja. Karani wa soko akinisumbua namwaga kopo mezani.

NyavuKuukuu, mali ya nyumbani usimuulize shemeji yako. Muulize dada yako.

KaraniWaZamani · Ijumaa, saa 2:10 asubuhi

Mama, ungekuwa bungeni tungekuwa na nchi nyingine.

Anachosema ndicho ufundi wote. Swali la bungeni linafaa likienda na kitu mkononi. Mbunge akisema "wavuvi wetu", Waziri anajibu kwa wingi. Akisema "Bwana Spika, nina karatasi hapa, mtu mmoja, mashini moja, tarehe hii", akaomba kuiweka mezani, basi imeingia kwenye kumbukumbu za Bunge na haitoki. Wizara italazimika kufungua faili yenye jina.

Na mbunge akikataa, Ibara ya 119 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi bungeni moja kwa moja. Linasomwa, linapelekwa kwa kamati, na kamati ina siku zake zilizowekwa. Kamati nayo, kwa Ibara ya 125, inaweza kumwita mtu kama Mahakama Kuu inavyomwita.

NyavuKuukuu · Ijumaa, saa 2:30 usiku

Haya, nimeandika. Nimechukua ya Mwalimu, ya Karani, ya Mama. Nisahihisheni, nataka kulipeleka ofisi ya mbunge wetu:

"Kumuuliza Waziri wa Mambo ya Nje: (a) Tangu Januari 2023, ni raia wangapi wa Kenya waliokamatwa ziwani na kuzuiliwa ng'ambo, na wangapi kati yao walitembelewa na ofisa wa ubalozi wetu? (b) Ni lini mara ya mwisho serikali iliandika barua kuhusu mali iliyochukuliwa, na ilijibiwa lini? (c) Kati ya kisiwa cha Mageta na kisiwa cha Sumba, kuna alama ngapi za mpaka juu ya maji, na ni nani mwenye kazi ya kuziweka? (d) Mvuvi aliyechukuliwa mashini aende ofisi gani, mji gani?"

MsomaKatiba · Ijumaa, saa 2:41 usiku

Hiyo (a) ongeza "kwa kila kaunti", ndipo Busia, Siaya, Homa Bay na Migori zitaonekana kila moja peke yake. Ukipewa jumla umepewa blanketi.

BodaWaBusia · Ijumaa, saa 2:50 usiku

Hiyo (d) ndiyo naipenda. Maana jibu la kweli ni kwamba hakuna ofisi. Aseme basi.

NakuruMjini · Ijumaa, saa 3:33 usiku

Mimi bado naamini mengine yasemwe faraghani. Lakini hili lenu halina siri yoyote ndani, nimelisoma mara mbili.

Ninaongeza moja, la nyongeza, msiliandike popote, mbunge akae nalo kichwani. Waziri akisema "mazungumzo yanaendelea kupitia njia za kidiplomasia", amuulize: kikao cha mwisho kilifanyika mji gani? Mtu aliyehudhuria kikao hakosi kuukumbuka mji.

KaraniWaZamani · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Shingo itageuka hiyo.

Wuod_Dunga · Ijumaa, saa 3:41 usiku

Mara mbili!

MwalimuWaSiaya · Jumamosi, saa 3:00 asubuhi

Neno moja la lugha. Mwambie mbunge aulize kwa Kiswahili. Katiba inaruhusu, na kanuni za Bunge zinamtaka aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa lugha hiyo. Waziri atakuwa na karatasi ya Kiingereza mkononi. Akichagua kujibu kwa Kiswahili itabidi aiache hiyo karatasi, na mtu asiye na karatasi husema zaidi ya alivyokusudia. Na shemeji wako ataelewa.

NyavuKuukuu · Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa 1:20 usiku

Wadau, nimerudi na habari.

Leo nilikwenda ofisi ya mbunge, ile ya mashinani. Mbunge hayupo, yuko Nairobi. Nikapokelewa na kijana mmoja, mpole, ana meza na kompyuta moja. Nikamwekea swali letu. Akalisoma lote bila kuinua kichwa, halafu akasema, "Mzee, hili ni zuri. Una ushahidi wa tukio moja?" Nikasema ninao, nikatoa ile karatasi ya daftari.

Wadau, karatasi ile ilikaa kwenye mfuko wa shati, na shati lilifuliwa. Mimi nilikuwa nimeizoea hivyo, naisoma kwa sababu najua kilichoandikwa. Kijana akaenda kuipiga nakala kwenye kioski cha jirani, shilingi tano, akarudi na mistari ya daftari tu. Maandishi hayakutoka. Sahihi ilitoka nusu, ule mkia wa ndoana.

Akaniuliza, "Nambari ya mashini unayo?" Sina. Nikampigia shemeji, hana, risiti ya dukani ilibaki kwa mweka hazina wa chama ambaye alihamia Mbita. Nikakumbuka maneno ya MamaOmena. Nikampigia dada yangu.

Akasema, "Ngoja." Nikasikia kuku, nikasikia mlango. Kwenye mlango wa jikoni ndipo anapopima watoto urefu, mkaa mstari kwa mstari, kila Desemba. Kumbe siku ile mashini ilipoletwa nyumbani, mume wake aliichukua nambari yake akaichora kwa msumari pale pale chini ya mistari ya watoto, naye dada alimgombeza kwa kuharibu mlango.

Akaanza kunisomea. Mimi narudia kwa sauti, kijana anaandika. Tukafika ya mwisho akanyamaza.

"Hii imeshika masizi," akasema. "Ni tatu au ni nane."

Kijana akainua kalamu, akangoja. Nikasikia dada anatema mate kwenye leso, anasugua.

"Nane."